Marilyn Monroe na maradhi yaliyomwandama hadi mwisho

WENGI wetu tunaolijua jina la Marilyn Monroe tunalijua kwa picha moja tu. Mwanamke wa nywele za rangi ya dhahabu, gauni jeupe, amesimama juu ya wavu wa chuma wa kutolea hewa ya treni za chini ya ardhi mjini New York, upepo unalipandisha gauni naye analizuia kwa mikono huku anacheka. Picha hiyo ilipigwa Septemba 1954. Miaka yote niliyosoma Tanzania, nikiwa mtoto wa wakimbizi, niliiona imebandikwa kwenye saluni na vibanda vya wapiga picha, na wenye vibanda hawakuweza kuniambia yule mama ni nani wala alikuja kuwa nini.

Kisichosimuliwa sana ni kwamba miezi miwili tu baada ya picha ile kupigwa, mwanamke huyohuyo alikuwa amelazwa katika hospitali ya Cedars of Lebanon mjini Los Angeles akifanyiwa upasuaji wa maradhi ya wanawake. Haukuwa wa mwisho. Maradhi hayo alikuwa nayo katika maisha yake yote ya utu uzima, yalimharibia kazi, na waandishi wengi wa maisha yake wanayahusisha na mimba alizopoteza.

Maradhi yenyewe yanaitwa endometriosisi. Huku kwetu wasichana hawayaiti kwa jina lolote, husema tu kwamba wana tumbo. Ndani ya mfuko wa uzazi wa kila mwanamke kuna utando unaokua kila mwezi na kisha kutoka kama damu ya hedhi. Kwa mwenye endometriosisi, nyama inayofanana na utando ule huota mahali pasipo pake: juu ya ovari, yaani vifuko vya mayai, kwenye mirija, nyuma ya mfuko wa uzazi, hata kwenye utumbo na kibofu cha mkojo. Mwezi unapotimia nayo inavimba na kuvuja, lakini damu yake haina mlango wa kutokea. Baada ya miaka panakuwa na vidonda, makovu, na viungo vinavyogandamana vyenyewe kwa vyenyewe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wanawake na wasichana milioni 190 wanayo, karibu mmoja katika kila 10 walio katika umri wa kuzaa.

Daktari aliyeyapa maradhi haya jina lake na kueleza namna yanavyoweza kuanza alikuwa Mmarekani, John Sampson wa mji wa Albany, katika miaka ya 1920. Ni miaka hiyohiyo alipozaliwa mtoto tunayemzungumzia.

Utoto wa kuhamahama

Alizaliwa Juni 1, 1926, mjini Los Angeles, akapewa jina la Norma Jeane. Mama yake, Gladys Baker, alikuwa kibarua wa kukata na kuunganisha mikanda ya filamu. Baba hakujulikana rasmi. Ni mwaka 2022 tu ndipo vipimo vya vinasaba vilipothibitisha kwamba alikuwa Charles Stanley Gifford, mtu aliyefanya kazi pamoja na Gladys na ambaye hakumlea binti huyo hata siku moja.

Gladys hakuwa na uwezo wa kumlea. Mtoto alipelekwa kwa wanandoa wacha Mungu, Albert na Ida Bolender, katika mji wa Hawthorne, akakaa nao mpaka mwaka 1933. Hapo mama alijikusuru, akapata nyumba ndogo, akamchukua binti yake. Haikudumu. Mapema mwaka 1934 Gladys alipata ugonjwa wa akili, na tangu hapo sehemu kubwa ya maisha yake aliishi hospitalini. Rafiki wa mama, Grace, alikabidhiwa mambo ya mtoto, lakini naye alikuwa na shida zake. Septemba 1935 Norma Jeane, akiwa na miaka tisa, aliingizwa kituo cha watoto yatima wakati mama yake yu hai. Baadaye alizungushwa kwa ndugu na marafiki wa Grace, leo kwa huyu kesho kwa yule, na katika baadhi ya nyumba hizo, kama alivyosimulia mwenyewe alipokuwa mtu mzima, aliingiliwa na watu wazima.

Sisi tuliokulia ugenini tunaelewa kitu kimoja kuhusu mtoto wa namna hii. Anajifunza mapema kusoma uso wa mwenye nyumba. Anajua lini acheke, lini anyamaze, na anajua kwamba kuumwa ni kuongeza mzigo kwa mwenyeji. Mtoto huyo akiumwa tumbo husubiri lipoe.

Alipokaribia miaka 16, mume wa Grace alipata kazi mbali, jimbo la West Virginia. Sheria za California hazikuwaruhusu kumhamisha mtoto aliye chini ya ulinzi wa serikali. Palikuwa na njia mbili: kurudi kituo cha yatima, au kuolewa. Juni 19, 1942, siku 18 baada ya kutimiza miaka 16, aliolewa na kijana wa jirani, James Dougherty, mfanyakazi wa kiwandani mwenye miaka 21. Akaacha shule. Ndoa za namna hii sisi walimu tunazijua, wala hatuhitaji kwenda California kuziona.

Kutoka kiwandani hadi kwenye sinema

Vita vilikuwa vimepamba moto. Mume alipopelekwa Bahari ya Pasifiki mwaka 1944, mke aliajiriwa katika kiwanda cha Radioplane kilichotengeneza ndege ndogo zisizo na rubani za kufanyia mazoezi ya shabaha. Mwishoni mwa mwaka huo mpiga picha wa jeshi, David Conover, alikuja kiwandani kupiga picha za wanawake wazalendo kazini. Alimwona, akampiga picha kadhaa, na ingawa picha zile hazikutumika, binti akajua kwamba uso wake unaweza kumlisha. Mwaka uliofuata alikuwa mwanamitindo. Agosti 1946 kampuni ya filamu ya 20th Century-Fox ikampa mkataba, na jina jipya: Marilyn, kwa kumfananisha na mwigizaji Marilyn Miller, na Monroe, jina la ukoo wa mama yake. Mwezi uliofuata talaka ya Dougherty ilikamilika.

Miaka minne ya mwanzo haikuwa na lolote kubwa. Alipewa vijisehemu, akaachishwa, akachukuliwa na kampuni nyingine, akaachishwa tena. Mwaka 1949 alipiga picha za utupu kwa dola 50 ili aweze kulipa madeni. Mwaka 1950 sehemu ndogo mbili katika filamu nzuri, The Asphalt Jungle na All About Eve, zilimfanya atazamwe, na mwaka 1953 zilitoka filamu tatu mfululizo, Niagara, Gentlemen Prefer Blondes na How to Marry a Millionaire, akawa mmoja wa nyota wanaoingizia Fox fedha nyingi kuliko wote. Mshahara wake haukufanana na fedha hizo. Mkataba wa zamani ulikuwa bado unamfunga.

Karatasi iliyobandikwa tumboni

Turudi nyuma kidogo, Aprili 1952. Alilazwa Cedars of Lebanon kwa ajili ya kuondolewa kidole tumbo. Upasuaji wa kawaida. Wauguzi walipomfunua katika chumba cha upasuaji, akiwa tayari amepewa nusu kaputi, walikuta karatasi imebandikwa kwa plasta juu ya tumbo lake. Ilikuwa barua kwa daktari, imeandikwa kwa mkono wake. Alimsihi akate kidogo iwezekanavyo, akamkumbusha kwamba yeye ni mwanamke, na akamwomba kwa jina la Mungu asimwondolee ovari zake.

Alikuwa na miaka 25. Kwa nini mwanamke wa miaka 25 anayekwenda kutolewa kidole tumbo aogope kuamka hana ovari? Kwa sababu alikuwa tayari anaumwa, na tiba ya wakati ule kwa wengi wenye maradhi kama yake ilikuwa hiyo hiyo: kupasua tumbo na kuondoa. Ovari zikitoka, hedhi inakoma, maumivu mara nyingi yanapungua, na uzazi unakwisha. Daktari aliyekuwa na huruma aliweza kupasua tumbo na kukwangua vidonda alivyoviona, lakini mpasuo mkubwa wa tumbo nao huacha makovu ya ndani, na makovu yale nayo hugandamanisha viungo. Vidonge vya homoni vya kutuliza maradhi haya vilikuwa havijaenea. Aliyebaki na maumivu alipewa dawa za maumivu, na aliyekosa usingizi alipewa dawa za usingizi.

Wapo wanaoisoma barua ile kama kituko cha mwigizaji. Mimi naiona ni barua ya mtu anayejua kwamba akishalala pale mezani hatakuwa na sauti, na kwamba wanaume waliosimama juu yake wanaweza kuamua jambo la maisha yake bila kumwuliza. Hakumwachia mtu amsemee. Daktari wa magonjwa ya wanawake aliitwa awepo chumbani, na ovari zake hazikuguswa.

Januari 14, 1954, aliolewa na Joe DiMaggio, bingwa mstaafu wa besiboli aliyependwa Marekani nzima. Katika safari yao ya Japani alikatiza kwenda Korea kuimbia wanajeshi wa nchi yake, zaidi ya 60,000 kwa siku nne, katika baridi ya Februari. DiMaggio alikuwa mume mwenye wivu mkali. Picha ile ya gauni ilipopigwa usiku mtaani mbele ya mamia ya watu waliokuwa wakipiga kelele, alikuwepo, na hasira yake haikuweza kufichika. Oktoba ndoa ikavunjika. Hata hivyo Marilyn alipolazwa Novemba kwa upasuaji niliotaja mwanzoni, aliyekuwa karibu naye ni huyohuyo DiMaggio.

Mwishoni mwa mwaka huo alifanya jambo ambalo wanawake wachache wa Hollywood wa enzi zile waliweza kulifikiria. Aliikimbia Fox, akahamia New York, akaanzisha kampuni yake ya filamu pamoja na mpiga picha Milton Greene, akajiandikisha kusoma uigizaji kwa Lee Strasberg. Magazeti yalimcheka. Mwaka mmoja baadaye Fox ilisalimu amri: mkataba mpya, dola 100,000 kwa kila filamu, na haki ya kumkataa mwongozaji asiyemtaka. Msichana aliyeacha shule ili aolewe alikuwa amewashinda mawakili wa kampuni kubwa.

Mtoto aliyemtaka

Juni 29, 1956, aliolewa na mwandishi wa tamthilia Arthur Miller. Wakati huo Miller alikuwa akiandamwa na kamati ya Bunge kwa tuhuma za ukomunisti, na wakubwa wa Fox walimshauri Marilyn aachane naye asije akaharibu jina lake. Alikataa. Aliingia dini ya Kiyahudi, dini ya ukoo wa mumewe, na wakati wa kiangazi walipumzika karibu na bahari, mbali na kamera.

Alitaka mtoto. Hili halina ubishi, waliomfahamu wanakubaliana. Katikati ya mwaka 1957 alipata mimba, lakini ilikuwa imetunga nje ya mfuko wa uzazi, na Agosti mwaka huo ilibidi iondolewe hospitalini kuokoa maisha yake. Mwaka 1958 alikuwa mjamzito tena wakati akicheza filamu ya Some Like It Hot. Kazi ilikuwa ngumu, alichelewa, alisahau maneno, mwongozaji Billy Wilder alikasirika na kulalamika waziwazi. Upigaji picha ulimalizika Novemba. Desemba mimba iliharibika. Juni 1959 alilazwa tena New York, akafanyiwa upasuaji mwingine kwa matumaini kwamba ungemwezesha kuzaa. Hakushika mimba iliyofika mwisho, wakati huo wala baadaye.

Filamu ile ya vichekesho ikawa moja ya filamu zinazopendwa kuliko zote zilizowahi kutengenezwa Marekani, na kwa ajili yake alipewa tuzo ya Golden Globe mwaka 1960. Anayeitazama leo anamwona mwanamke mwepesi, anayeimba na kupiga ala ndani ya treni. Haoni chochote.

Sisemi kwamba kila kuchelewa kwake kulitokana na tumbo. Alikuwa na hofu ya kamera, alikosa usingizi, na alikuwa akimeza vidonge vya usingizi usiku na vya kumwamsha asubuhi, kama walivyofanya waigizaji wengi wa wakati ule, kwa maagizo ya madaktari. Mama yake alikuwa na ugonjwa wa akili na yeye aliogopa kuurithi. Mambo haya yalichanganyika, na hakuna anayeweza kuyatenganisha leo. Lakini katika kampuni za filamu jibu lilikuwa moja kila mara: mvivu, mdanganyifu, anajifanya mgonjwa. Nami kila mwezi nikifungua daftari la mahudhurio nakuta majina ya wasichana walewale, siku mbili au tatu, na katika chumba cha walimu nasikia maneno yaleyale.

Mwale wa Malibu

Katika miezi ya mwanzo ya 1960 Marilyn alikuwa Los Angeles akicheza filamu ya Let's Make Love. Mei 16 ya mwaka huo, kandokando ya jiji hilohilo, huko Malibu, katika maabara ya kampuni ya Hughes, mwanafizikia Theodore Maiman alizungushia kijiti cha yakuti ya rangi ya waridi taa ya kumulika kwa nguvu, na kutoka kwenye kijiti hicho ukachomoka mwale mwekundu wa aina ambayo haijapata kuonekana duniani. Hiyo ndiyo leza ya kwanza. Hakuna aliyekuwa na wazo la matumbo ya wanawake. Watu walitania kwamba ni jibu linalotafuta swali.

Swali lilipatikana polepole. Mwaka 1964 Kumar Patel, mzaliwa wa India aliyekuwa akifanya kazi katika maabara za Bell huko New Jersey, alitengeneza leza inayotumia hewa ya kaboni dioksidi. Mwale wake hauonekani kwa macho, na una tabia moja iliyowavutia madaktari wa upasuaji: unanyonywa na maji. Nyama ya mwili wa binadamu kwa sehemu kubwa ni maji. Mwale ukielekezwa kwenye kidonda, maji yaliyomo ndani yake yanageuka mvuke papo hapo, na kidonda kinatoweka kwa mvuke huo huku nyama iliyo chini yake ikiathirika kwa kina cha chini ya milimita moja. Kwa sababu hiyo daktari anaweza kufanya kazi karibu na mrija wa uzazi au juu ya ovari bila kuunguza kila kilicho jirani.

Ilihitajika pia njia ya kuingia bila kupasua. Huko Paris daktari Raoul Palmer alikuwa ameanza tangu miaka ya 1940 kuchungulia ndani ya tumbo la mwanamke kwa darubini nyembamba. Ndiyo njia tunayoiita leo upasuaji wa matundu madogo: tundu moja kwenye kitovu, mengine mawili au matatu chini yake, tumbo linajazwa hewa ili lipanuke kama hema, na kamera inaonyesha yaliyomo. Mwaka 1979 Maurice Bruhat na wenzake wa mji wa Clermont-Ferrand, Ufaransa, waliunganisha mambo haya mawili, wakaupitisha mwale wa leza ndani ya tundu. Miaka ya 1980 njia hiyo ilienea Ulaya na Marekani. Mgonjwa aliyezoea kulazwa siku nyingi baada ya kupasuliwa tumbo, sasa aliweza kwenda nyumbani kesho yake, au jioni ileile.

Je, inasaidia? Swali hili lilipimwa vizuri mjini Guildford, Uingereza, na matokeo yakachapishwa 1994. Wanawake 63 wenye endometriosisi ya kiwango kidogo hadi cha wastani waliingizwa kamera. Wengine walichomwa vidonda kwa leza, wengine walitazamwa tu na kufungwa, wala hawakuambiwa nani ametendewa nini. Baada ya miezi sita, asilimia 62.5 ya waliopata leza walisema wamepata nafuu, dhidi ya asilimia 22.6 ya wale wengine. Waliokuwa na vidonda vichache kabisa ndio walionufaika kidogo zaidi.

Msomaji atambue tofauti ya nafuu na kupona. Endometriosisi inaweza kurudi baada ya leza, na hurudi kwa wengi. Vidonda vilivyochimba chini sana, hasa kwenye utumbo, haviishi kwa kuchomwa juu juu. Vinahitaji kukatwa na kuondolewa na daktari aliyebobea. Wala haijathibitishwa kwamba leza inashinda mkasi au umeme mikononi mwa mpasuaji hodari. Mashine ya leza ni ghali, na katika nchi kama yetu anayeuliza habari zake kwanza atakutana na vidonge vya homoni na dawa za maumivu, ambavyo kwa wengi ndivyo vya kuanza navyo hata huko Ulaya. Kabla ya hayo yote atahitaji mtu mmoja, awe muuguzi, daktari au mama yake, anayekubali kwamba maumivu ya kumzuia msichana kwenda shule si ya kawaida. Kwa sababu ya kukosa mtu huyo, wanawake wengi duniani hukaa miaka kadhaa kabla maradhi yao hayajatambuliwa.

Mwisho wa Marilyn

Filamu yake ya mwisho iliyokamilika, The Misfits, aliandikiwa na Miller, na ilipigwa katika jangwa la Nevada mwaka 1960 huku ndoa yao ikifa mbele ya wote. Kazi ilisimama kwa muda ili alazwe. Nyota mwenzake, Clark Gable, alifariki siku chache baada ya kumaliza. Januari 1961 alipewa talaka. Mwezi uliofuata alilazwa katika hospitali ya magonjwa ya akili ya New York na kufungiwa kwenye chumba ambacho hakukitarajia. DiMaggio ndiye aliyekuja kumtoa. Mwaka huohuo aliondolewa mfuko wa nyongo, na akapasuliwa tena kwa ajili ya endometriosisi. Kwa mtu wa miaka 35, alikuwa amekwishalala kwenye meza ya upasuaji mara nyingi kuliko wazee wengi.

Mwaka 1962 alinunua nyumba ya kawaida katika mtaa wa Brentwood, Los Angeles, nyumba yake ya kwanza aliyoinunua peke yake. Kwa mtoto yule wa kuhamahama, hilo halikuwa jambo dogo. Aprili alianza filamu ya Something's Got to Give, akaugua, akakosa siku nyingi. Mei 19 alikwenda New York kumwimbia Rais John Kennedy kwenye sherehe ya siku ya kuzaliwa, jambo lililowakasirisha zaidi wakubwa wa Fox. Juni walimfukuza, wakamshtaki wakidai fidia, na kuwaambia waandishi wa habari kwamba hana akili timamu. Wiki chache baadaye walikuwa wakizungumza naye ili arudi.

Hakurudi. Usiku wa Agosti 4, 1962, alifariki chumbani mwake, na alikutwa alfajiri yake. Alikuwa na miaka 36. Uchunguzi ulionyesha kiasi kikubwa cha dawa za usingizi mwilini, na mchunguzi wa vifo aliandika kwamba kuna uwezekano mkubwa amejiua. Hadithi za njama zimeuza vitabu vingi tangu hapo. Mwaka 1982 ofisi ya mwendesha mashtaka wa Los Angeles iliipitia upya kesi, haikuona ushahidi wa kuaminika wa mauaji. Kwangu mimi swali la nani aliingia nyumbani usiku ule lina uzito mdogo kuliko lile la namna gani mwanamke anafika umri huo akiwa na vichupa vingi hivyo kando ya kitanda.

DiMaggio ndiye aliyesimamia mazishi, Agosti 8, katika makaburi ya Westwood, na aliwazuia wengi wa Hollywood wasiingie. Kwa miaka 20 alipeleka maua ya waridi kaburini mara tatu kwa wiki. Hakuoa tena.

Marilyn hakuacha mtoto. Katika wosia aliouandika Januari 1961 alitenga fedha za kumtunza mama yake, dola 5,000 kila mwaka. Gladys aliishi zaidi yake kwa miaka 21 na miezi. Alifariki mwaka 1984, wakati ambapo katika hospitali za Marekani wanawake wa umri aliokufa nao binti yake walikuwa wakiingia asubuhi kuchomwa vidonda kwa mwale ule wa leza.